Naomba ushauri: ninavyojiona na wanavyoniona havilingani

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, Ngamiani, nafanya utafiti wa chuo: mtu anajaza dodoso la tabia zake, kisha anayemjua vizuri anamjazia lingine. Nilianza na mimi mwenyewe. Kwenye "ana wasiwasi mwingi" nilijipa 5. Shangazi, huku akikaanga mihogo, akasema niandike 1. "Wewe? Mbona mtulivu!" Mwanasaikolojia wa Estonia, Jüri Allik, na wenzake, 2010, waliona hivyohivyo kwenye tamaduni mbalimbali: mtu hujiona ana wasiwasi kuliko wengine wanavyomwona. Kwenye uchangamfu tulilingana, maana ule unaonekana.

Kinachonikwamisha ni majirani. Kila mtu wanampa alama nzuri, hata yule mvivu wa mtaani! Nawaulizaje waseme kweli bila kuhisi wanasengenya?