Mnaowaita washindi Weusi wa Oscar "viti maalumu", someni kwanza kanuni zenyewe

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nimekaa na jambo hili moyoni wiki nzima, na nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimelikubali. Jumamosi iliyopita nilialikwa kuzungumza na vijana wanaosomea uigizaji na utayarishaji wa filamu hapa Dar es Salaam. Mimi ni mhariri wa picha, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuwaonyesha jinsi tukio linavyoweza kugeuka maana kwa kukatwa sekunde mbili tu. Kabla yangu alizungumza mgeni mwingine, mtu mwenye miaka mingi katika kazi hii na anayeheshimika. Binti mmoja aliyekaa mstari wa mbele alimwuliza ni njia gani aliyopita mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o hadi akashinda Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani. Mgeni akajibu, mbele ya vijana wapatao thelathini, kwamba wasijidanganye, siku hizi Wamarekani wanagawa tuzo kwa rangi, kuna kanuni kabisa imeandikwa, na Lupita ni tunda la kanuni hiyo, sawa na wabunge wetu wa viti maalumu. Ukumbi ukacheka. Yule binti akafunga daftari lake, akaliweka chini ya kiti, na hakuuliza swali jingine hadi tunaondoka.

Nimeudhika, na ninaandika nikiwa nimeudhika, lakini nitakwenda hatua kwa hatua ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba ni hasira tupu.

Lupita alipokea tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike tarehe 2 Machi 2014. Kwetu ilikuwa tayari asubuhi ya Jumatatu, na nakumbuka ofisini hatukuanza kazi hadi tulipoirudia ile video mara tatu. Kanuni ambayo mgeni wetu aliitaja ilitangazwa Septemba 2020, na ilianza kutumika kama sharti katika tuzo za Machi 2024, yaani miaka kumi kamili baadaye. Mtu anawezaje kuwa tunda la mti ambao haukuwa umepandwa? Tena mgeni angetazama tu kilichofuata baada ya ushindi huo. Mwaka 2015 waigizaji wote ishirini walioteuliwa kuwania tuzo walikuwa Weupe. Mwaka 2016, wote ishirini tena walikuwa Weupe. Nafasi arobaini mfululizo bila Mweusi, bila Mwasia, bila Mlatino mwenye ngozi ya kahawia, na ndiyo maana lile tamko la kwamba Oscar ni nyeupe mno, ambalo mwanamama April Reign alikuwa amelianzisha mtandaoni tangu Januari 2015, likadakwa na dunia nzima. Kama tuzo zile zilikuwa zinagawiwa kwa rangi, basi tukubaliane ni rangi gani iliyokuwa inagawiwa.

Sasa tuje kwenye kanuni zenyewe, kwa sababu wengi wanaozipigia kelele hawajazisoma. Kwanza, zinahusu tuzo moja tu, ile ya filamu bora. Hazimhusu mwigizaji, wala mwongozaji, wala mhariri, wala mpiga picha, wala mtunzi wa muziki, kwa hiyo hakuna mwigizaji Mweusi yeyote, wa jana wala wa leo, ambaye amepigiwa kura chini ya sharti hilo. Pili, vigezo viko vinne na filamu inatakiwa kutimiza viwili tu. Cha kwanza kinahusu wanaoonekana kwenye skrini na hadithi inayosimuliwa. Cha pili kinahusu wakuu wa idara na mafundi walio nyuma ya kamera. Cha tatu kinahusu kampuni kutoa nafasi za mafunzo kazini yenye malipo, na cha nne kinahusu maofisa wake wa masoko, matangazo na usambazaji. Makundi yanayohesabika ni wanawake, watu wa rangi na asili zisizo na uwakilishi wa kutosha, watu wa mapenzi ya jinsia moja, na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba kampuni kubwa yenye programu ya wanagenzi na maofisa kadhaa wa masoko kutoka katika makundi hayo inaweza kuvuka kwa kigezo cha tatu na cha nne, halafu ikatengeneza filamu ambayo kuanzia picha ya kwanza hadi majina ya mwisho hutamwona Mweusi hata anayepita njia.

Na hilo si jambo la kufikirika. Filamu ya kwanza kabisa kushinda chini ya kanuni hizo, Machi 2024, ilikuwa Oppenheimer, hadithi ya wanafizikia Wazungu, iliyochezwa karibu yote na Wazungu. Iliondoka na tuzo saba. Sina neno na filamu hiyo, imehaririwa kwa ustadi ambao mimi bado najifunza. Ninachosema ni kwamba haikuzuiwa, haikupunguzwa na wala haikuombwa kubadilisha sura ya mtu yeyote. Mwigizaji Richard Dreyfuss alikwenda kwenye televisheni mwaka 2023 na kusema kanuni hizo zinamtia kichefuchefu. Iko wapi filamu iliyonyang'anywa haki yake hata mtu mzima atapike?

Ndiyo maana ule mfano wa viti maalumu uliniuma mara mbili. Sioni kwa nini wabunge wale wawe kichekesho, kwa sababu viti vile viliwekwa kwenye Katiba baada ya kuonekana kwamba majimbo yangewaacha wanawake nje. Lakini tuweke hilo pembeni. Kiti maalumu ni kiti: kimehesabiwa, kimetengwa, na lazima mtu akikalie. Katika Oscar hakuna kiti kilichotengwa kwa ajili ya mtu yeyote. Laiti kingekuwepo, leo tungekuwa tunajadiliana kama ni haki au si haki, na mimi ningekuja hapa kukitetea bila aibu. Kinachobishaniwa sasa ni upendeleo ambao haujatolewa, na anayelipa gharama ya ubishi huo ni msanii Mweusi, ambaye kila akishinda anaambiwa kapewa.

Mnataka kuona kanuni ya rangi iliyotenga kazi kwa watu? Ilikuwepo, iliandikwa, na ilitekelezwa kwa nguvu kuanzia 1934. Kampuni za filamu za Hollywood zilijiwekea mwongozo wa maadili ambao, pamoja na mambo mengine, ulipiga marufuku kuonyesha mapenzi kati ya Mweupe na Mweusi, na katika utekelezaji woga huo uliwafikia hata Waasia. Filamu ya The Good Earth ilipokuwa inatayarishwa, ikiwa ni hadithi ya wakulima wa Kichina, mwigizaji Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya China na nyota anayejulikana hadi Ulaya, aliitaka nafasi ya mke wa mkulima. Mume alikuwa ameshapewa Mzungu, Paul Muni, kwa hiyo mke naye akawa Mzungu, Luise Rainer, aliyepakwa vipodozi ili afanane na Mchina. Wong aliambiwa ajaribu nafasi ya yule mwanamke mbaya wa hadithi, akakataa. Rainer akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika sherehe za 1938. Mwanamke wa kwanza anayejitambulisha kuwa Mwasia kushinda tuzo hiyo ni Michelle Yeoh, mwaka 2023. Hesabuni wenyewe: miaka themanini na mitano. Katika miaka yote hiyo sijasikia mtu akisema Rainer alipewa kwa rangi yake, ingawa nafasi ile aliipata hasa kwa rangi yake.

Na kuna ile meza. Kila ninapofikiria habari hii narudi kwenye ile meza. Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika ukumbi wa Cocoanut Grove wa Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Hattie McDaniel alikuwa anakwenda kuwa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa filamu ya Gone with the Wind. Hoteli ile haikupokea watu Weusi. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilimbidi aombe kibali maalumu ili mwigizaji wake aingie tu mlangoni. Olivia de Havilland, aliyekuwa akiwania tuzo hiyohiyo kwa filamu hiyohiyo, alikaa kwenye meza ya mtayarishaji pamoja na nyota wengine. McDaniel aliwekwa kwenye meza ndogo ukutani, yeye, aliyemsindikiza na wakala wake. Alikuwa amevaa maua ya gadenia kwenye nywele. Jina lake lilipotajwa aliinuka pale ukutani, akapita katikati ya meza zote ambazo hakuruhusiwa kukaa, akashukuru kwa sauti iliyokuwa inakatika kwa machozi, kisha akarudi ukutani. Miezi miwili kabla ya hapo hakuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe mjini Atlanta, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia. Wakati ule waigizaji wasaidizi walipewa kibao, si sanamu. Chake alikirithisha kwa Chuo Kikuu cha Howard, kikapotea, na Akademi, chombo kinachotoa tuzo za Oscar, ilikabidhi kingine mwaka 2023, miaka sabini na moja baada ya kifo chake.

Baada yake, mwanamke Mweusi wa pili kushinda tuzo ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Mwigizaji bora wa kike, yaani tuzo kubwa yenyewe, ni Halle Berry mwaka 2002, na hadi sherehe za 2025 alikuwa bado peke yake. Mwongozaji bora Mweusi, tangu tuzo zianze mwaka 1929 hadi hiyo 2025, hayupo. Filamu ya Steve McQueen, 12 Years a Slave, ileile iliyompa Lupita tuzo, ilitajwa kuwa filamu bora, lakini tuzo ya uongozaji ikaenda kwingine. Miaka mitatu baadaye Barry Jenkins na filamu yake Moonlight yakamkuta yaleyale. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua kwamba filamu haijitengenezi.

Tukitazama nafasi walizoshindia, moyo unazidi kuwa mzito. McDaniel, mtumishi wa nyumbani. Octavia Spencer, mwaka 2012, mtumishi wa nyumbani tena. Denzel Washington, ambaye amecheza watu wa kila namna, tuzo yake ya mwigizaji bora ilikuja alipocheza polisi mchafu. Forest Whitaker alipata yake kwa kucheza Idi Amin, filamu iliyopigwa Uganda, jirani yetu hapa. Lupita, mtumwa. Sisemi nafasi zote ni hizo, wala sisemi hawakuzicheza vizuri. Nasema hivi ndivyo mpiga kura alivyozoea kumwona mtu Mweusi. Na mpiga kura huyo tunamjua: gazeti la Los Angeles Times lilipomchunguza mwaka 2012 lilikuta asilimia 94 ni Weupe, asilimia 77 ni wanaume, na umri wao wa kati ni miaka 62. Njia ya kawaida ya kuingia uanachama ni kudhaminiwa na wanachama wawili wa fani yako. Anayejua maana ya kujuana hapa kwetu hahitaji maelezo zaidi.

Malalamiko yangu kwa Akademi yenyewe, basi, ni kwamba imewatupa wasanii Weusi kwa wanaowadhihaki. Kuongeza wanachama baada ya 2016 lilikuwa jambo la maana, na naliheshimu, kwa sababu hapo ndipo kura inapotoka. Lakini kanuni za filamu bora zimekuwa tangazo kubwa lenye meno madogo, na fomu ambazo kampuni zinajaza kuonyesha zimetimiza kigezo gani ni siri. Kwa nini ziwe siri? Zitangazwe, filamu kwa filamu, ili tuone ni ngapi zimepita kwa wanagenzi na maofisa wa masoko, na ni ngapi zimempa Mweusi kamera ashike.

Afrika nayo naitaja kwa kifupi. Tuzo ya filamu bora ya kimataifa imechukuliwa na nchi tatu tu za bara hili: Algeria, Côte d'Ivoire na Afrika Kusini. Waongozaji wa filamu hizo tatu ni Costa-Gavras, Mgiriki wa Ufaransa, Jean-Jacques Annaud, Mfaransa, na Gavin Hood, Mzungu wa Afrika Kusini. Tanzania ilipeleka filamu mwaka 2001 na nyingine, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022, na zote hazikuteuliwa. Filamu yenye mazungumzo ya Kiswahili iliyoteuliwa, Watu Wote, katika kundi la filamu fupi mwaka 2018, ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg nchini Ujerumani, iliyopigwa Kenya. Ni kazi nzuri na siwalaumu walioifanya, ila vijana wetu hawana chuo chenye uwezo ule wala fedha za kuwafikisha mbele ya wapiga kura wa Los Angeles.

Kwa mgeni wetu wa Jumamosi, kama anapita humu, na kwa wote wanaosema kama yeye: tajeni filamu moja, kwa jina, iliyonyimwa Oscar kwa kuwa na Wazungu wengi. Tajeni mwigizaji mmoja Mweusi aliyeshinda tuzo ya uigizaji kwa kanuni ya 2020. Nitasubiri hapahapa. Kuhusu yule binti, nimepata namba ya kiongozi wa darasa lao na nimeomba nirudi Jumamosi ijayo kwa saa moja tu, nimjibu swali lake mbele ya walewale waliocheka.