Je, fimbo ninayochezea inafaa pia kuvunjia mipira?

Kijana wa Chikongola (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wachezaji wa pool wenye uzoefu, kwa sababu hapa kijiweni kwetu Chikongola suala hili limetugawa. Nina fimbo yangu mwenyewe ya vipande viwili, ya mti wa mepo, yenye ncha ya ngozi ya milimita 13 na uzito unaokaribia gramu 540. Naitumia kwa kila kitu: kuvunja, yaani kulitawanya kundi la mipira mwanzoni mwa mchezo, kuusindikiza taratibu mpira uliokaa mdomoni mwa shimo, na kuurudisha nyuma mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ninapotaka kujipanga kwa mpira unaofuata. Wenzangu wawili wanaoheshimika hapa wanasema kwamba ninaiua fimbo kwa kuivunjia. Wengine wanasema fimbo ni fimbo, na anayeogopa kuigonga aifungie kabatini.

Kilichonifanya niulize ni hali ya ngozi. Uso wake umeanza kung'aa, chaki haishiki kama zamani, na ukingo wake umetuna nje ya ile pete nyeupe inayoibeba, kiasi kwamba nikipitisha ukucha unakwama. Nikipiga pembeni ya mpira mweupe ili uzunguke, wakati mwingine ncha inateleza na mpira unakwenda nisikoutuma. Je, hayo ni matokeo ya kuvunja, au ngozi ingefika huko hata bila kuvunja? Na kama ni lazima niwe na fimbo ya pili, ipi inafaa, ikizingatiwa kwamba vifaa vingi vya mchezo huu tunaviagiza Dar es Salaam na kuvipokea kwa basi?

Fundi Fimbo wa Shangani (Mtwara)

Mdogo wangu, dalili ulizozitaja zinatosha kukupa jibu hata kabla ya kuiona fimbo yenyewe. Ngozi ya ncha ni nyuzi zilizoshikamana, na kazi yake ni kuugusa mpira kwa muda mfupi sana, takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, huku chaki ikiizuia isiteleze. Katika pigo la kawaida nyuzi hizo hubonyea kidogo kisha zikarudi. Katika pigo la kuvunja, ambapo mkono wote na kiwiliwili huingia, hubanwa kupita kiasi, na kila zinapobanwa hivyo sehemu ya ule mbonyeo hairudi tena. Ngozi inakuwa fupi na ngumu, uso wake unang'aa na kuteleza, na kile kilichobanwa kinatafuta njia ya kutokea kando, ndiyo maana ukingo wake umetuna kama kofia ya uyoga. Ngozi yoyote inayofanya kazi hufika huko. Kuvunja kunaifikisha mapema, na lililo baya zaidi, kunaibadilisha bila wewe kujua, hivyo leo unaurudisha mweupe kwa kipimo hiki, na baada ya muda, kwa mkono uleule, unarudi kwa kipimo kingine. Kwa mchezaji anayejali nafasi ya mpira unaofuata, hiyo ndiyo hasara yenyewe, na inaniuma ninapowaona vijana wenye mikono mizuri wakilaumu macho yao ilhali kosa liko kwenye ngozi.

Kuhusu mti wenyewe, ondoa hofu. Mepo iliyokauka vizuri haitakatika kwa sababu umevunja mipira. Chunguza zaidi ile pete nyeupe, kwa kuwa huanza na ufa mwembamba kama unywele usioonekana mpaka uifute na kuielekeza kwenye mwanga, na kaza kiungo cha katikati kila unapotaka kuvunja, kwa sababu pigo zito likikikuta kimelegea, skrubu hula mbao polepole na fimbo huanza kutoa mlio.

Nakushauri utumie fimbo ya pili kuvunjia, lakini usikimbilie kuagiza. Hapo hapo unapochezea zipo fimbo za meza, zile zinazotumiwa na kila mtu. Tafuta moja iliyonyooka kwa kuiviringisha juu ya kitambaa na kuitazama kama inapepesuka, kisha bonyeza ngozi yake kwa ukucha. Ikiwa imekauka na kuwa ngumu, hiyo uliyokuwa ukiikataa kwa mapigo laini ndiyo inayokufaa kwa kuvunja. Fimbo maalumu za kuvunjia huwekewa ncha ngumu, mara nyingi ya fenoli, ambayo ni aina ya plastiki, kwa sababu inapoteza nguvu kidogo kuliko ngozi inapoukuta mpira. Faida yake katika kasi ya mweupe ni ya asilimia chache tu, na ngozi kavu ya fimbo ya meza inakusogeza huko bila gharama. Ncha ngumu haishiki chaki vizuri, lakini kwa kuwa wakati wa kuvunja unaulenga mweupe katikati, upungufu huo haukugusi sana.

Ngozi uliyonayo bado inaokoka. Simamisha fimbo, uso wa ngozi uwe chini juu ya kibao kigumu, kisha kwa wembe mpya nyoa kile kilichotuna kwa kushuka sambamba na pete, kidogo kidogo, bila kuigusa pete yenyewe. Malizia ubavu kwa msasa laini, na uso wake uukwaruze kwa msasa mpaka mng'ao uondoke na mviringo wake urudi. Kama baada ya hapo ngozi imebaki nyembamba kiasi kwamba unaona imekaribia kufikia pete, ibadilishe.

Mpiga Pool wa Lindi Mjini

Namheshimu Fundi na sina neno juu ya ngozi, ila kuhusu kuvunja kwa fimbo yako mwenyewe naona inawezekana bila kuiumiza, endapo utaacha kuvunja kwa hasira. Tazama kwanza kanuni mnazochezea. Katika mchezo wa mpira 8 (8-ball) kwa kanuni za kimataifa, kuvunja ni halali ikiwa mpira wowote umeingia shimoni au angalau mipira minne imefika kwenye kingo. Katika blackball, ile ya mipira myekundu na ya njano, inatosha mpira mmoja uingie au mipira miwili ivuke mstari wa katikati ya meza. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayomdai mchezaji nguvu zake zote.

Msimu wa korosho, fedha zikiwa mikononi mwa watu na meza hazipumziki, simama pembeni uwaangalie wanaovunja. Utaona mweupe ukiruka, mara nyingine mpaka sakafuni. Chanzo chake kwa kawaida ni kitako cha fimbo kunyanyuliwa juu mno. Ukipiga kwa kushuka, mweupe unabanwa dhidi ya kitambaa na kurushwa, hivyo unaufikia mpira wa mbele ukiwa hewani na kuugonga juu ya usawa wake. Nguvu iliyopaswa kusambaa ndani ya mipira inapotea kwenye huo mruko. Hapo hata fimbo ya bei kubwa kuliko zote haitakusaidia, na mtu anadhani dawa ni kuongeza nguvu, ndipo ngozi inapokwisha.

Mimi naishusha fimbo kadiri ukingo wa meza unavyoruhusu, napunguza mwendo hadi kama robo tatu ya nguvu niliyonayo, na ninalenga uso wa mpira wa mbele moja kwa moja. Mipira inafunguka vizuri kuliko ninapomwona mtu akirusha mwili wote. Nimeweka ngozi ya tabaka, ya ugumu wa wastani kuelekea ngumu, ambayo hubadilika taratibu kuliko ngozi laini ya kipande kimoja. Kwa fimbo ninayoijua mkononi, najua pia mweupe utasimama wapi baada ya kuvunja, jambo ambalo fimbo ya meza, inayoshikwa na kila mtu na kuegeshwa ukutani usiku kucha, haiwezi kunihakikishia.

Dada wa Masasi

Kaka wa Chikongola, kabla hujanunua chochote linganisha mpira mweupe wa meza yenu na mipira mingine. Kwenye baadhi ya meza za kutumbukiza sarafu za mtindo wa Uingereza, mipira ya kulenga, yaani yote isipokuwa mweupe, ina kipenyo cha milimita 50.8 ilhali mweupe una milimita 47.6, ili meza iweze kuutenganisha na kuurudisha. Mipira ikiwa ya malighafi moja, mweupe huo una kama asilimia 82 tu ya uzito wa mwenzake, kwa hiyo ukikutana na kundi zima unarudi nyuma badala ya kupenya, hata upige kwa nguvu gani. Kwenye meza ya namna hiyo mimi naona kuichosha fimbo nzuri kwa kuvunja hakuna faida yoyote. Mambo ni tofauti kwenye meza zenye mipira mikubwa ya milimita 57.15 ambayo yote, pamoja na mweupe, ni ya kipimo kimoja.

Kijana wa Chikongola (Mtwara)

Nawashukuru sana. Nimeilinganisha mipira yetu na yote ni sawa, kwa hiyo kuvunja kuna maana hapa. Ngozi nimeinyoa kama Fundi alivyoelekeza na chaki imeanza kushika. Nimeelekea kwenye fimbo ya pili, kwa sababu sitaki hesabu ya ncha yangu ibadilike katikati ya mashindano. Swali langu la mwisho: jirani yetu ni mchongaji wa vinyago anayenunua mpingo wenye kibali, na anasema anaweza kunitengenezea fimbo nzima ya mpingo, nzito, kwa ajili ya kuvunjia. Je, uzito huo utanisaidia?

Seremala wa Newala

Mpingo naufahamu, na ninaupenda kuliko mti mwingine wowote wa kusini, ndiyo maana nakuomba usiutumie hivyo. Sentimita moja ya ujazo ya mpingo ina gramu 1.2 hivi, wakati ya mepo ina takriban gramu 0.7. Kitako peke yake, nusu ya fimbo, kikichongwa kwa unene wa kawaida kinafika kama gramu 450. Ukiongeza kipande cha mbele cha mepo chenye gramu 120 hivi pamoja na skrubu, uko karibu na gramu 600. Kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi gramu 708, kwa hiyo hujavunja sheria, lakini mkono utachelewa. Katika kuvunja, kinachoupa mweupe kasi ni kasi ya fimbo zaidi kuliko uzito wake, na mtu wa kawaida akiongezewa uzito hupoteza kasi na pia hupoteza shabaha. Fimbo nzima ya mpingo, na kipande cha mbele kikiwemo, itazidi hapo, na ncha itakuwa inazama mbele unapoishika.

Jambo la pili ni ukaukaji. Mpingo hukauka polepole sana na hupasuka mwishoni mwa gogo ukiharakishwa. Kinyago kikipata ufa mdogo bado ni kinyago. Kitako cha fimbo kikipasuka pale skrubu ilipoingia hakina kazi tena, na kwa unyevu wa pwani yenu, ambapo mbao hunyonya maji na kuyatoa majira yanapobadilika, kiungo hicho hakitatulia. Mchongaji anaijua mbao yake vizuri, ila fimbo inataka mashine ya kukereza na mbao iliyonyooka nyuzi zake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama unautaka mpingo kwa uzuri wake, mwombe akukatie pete nene ya sentimita chache ya kuweka chini ya kitako.

Kwa fedha hiyo tafuta fimbo ya zamani iliyonyooka, ya uzito ule ule wa hiyo unayochezea au pungufu kidogo, uitoe ngozi na kubandika ngumu kwa supaglu, ukisha kusawazisha uso wa pete kwa msasa uliolazwa juu ya kioo ili pasiwe na mwanya. Kabla ya kuagiza ngozi Dar es Salaam, pima kipenyo cha pete, maana ngozi ya milimita 13 ikiwekwa kwenye pete ya milimita 12 inanyolewa ikakaa sawa, lakini ya milimita 12 kwenye pete ya 13 inaacha ukingo wa pete wazi, na ukingo huo ndio utakaogonga mpira siku utakapokosea katikati.