Tupeane uzoefu: Kuwasha VT ili gemu za simu zikubali kwenye kompyuta

fundi_kibodi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaocheza PUBG Mobile, Free Fire na nyinginezo kwenye kompyuta, halafu emuleta (programu inayoiga simu ndani ya kompyuta) inagoma ikidai VT imezimwa. VT ni uwezo wa prosesa kuendesha mfumo mwingine ndani ya Windows. Weka aina ya mashine na njia iliyokubali.

Naanza. Usikimbilie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguka kabla ya Windows). Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha CPU. Chini ya grafu pana mstari wa Virtualization. Ukisomeka Enabled, BIOS haina kosa, tatizo liko ndani ya Windows. Ukisomeka Disabled, shika Shift huku ukibofya Restart, halafu Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings. Hapo huhitaji kushindana na kasi ya kuwaka kwa mashine.

Kama diski imefungwa na BitLocker (ulinzi wa Windows unaoficha mafaili), isitishe kwanza au uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS, mashine inaweza kuudai, na bila huo mafaili yako huyapati.

Chuma_Mchakavu
Njia zenyewe kwa mashine zilizojaa mtaani (kitufe cha kwanza kibonyezwe mashine inapowaka):

HP EliteBook: Esc, F10, Advanced, System Options, tia tiki Virtualization Technology. Za zamani ingia System Configuration, kisha Device Configurations.
Dell Latitude na OptiPlex: F2, Virtualization Support.
ThinkPad: F1, Security, Virtualization.

Wenye Ryzen (prosesa za AMD) mara nyingi hamtaliona jina la VT. Kwenye bodi nyingi za AMD inaitwa SVM Mode, na kwenye za MSI imefichwa ndani ya OC, upande wa mipangilio ya CPU. Hifadhi kwa F10, kisha zima mashine kabisa ndipo uwashe. Kuna mashine ambazo restart peke yake haitoshi.

Mtumba_Safi
Niongezee kwa wanunuzi wa mashine zilizotumika. Nyingi zilikuwa za makampuni, na baadhi zinakuja na nenosiri la BIOS. Menyu inafunguka lakini kila kitu kina rangi ya kijivu, hubadilishi chochote. Kwenye ThinkPad, nenosiri la msimamizi halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi, kwa sababu limehifadhiwa kwenye chipu nyingine. Kwa hiyo ingia BIOS hapohapo dukani kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, hamia duka la pili.

Na angalia prosesa. Core 2 Duo E8400 ina VT, E4500 haina kabisa. Hakuna programu ya kuiongeza.

fundi_kibodi
Mkuu hilo la nenosiri ni muhimu sana.

Umeme_Umerudi
Kuna wanaowasha VT leo, umeme ukikatika kesho wanaikuta imezimwa, na saa ya kompyuta imerudi miaka nyuma. Hiyo ni betri ya CR2032 kwenye bodi imekufa. Ni ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, badilisha, washa VT upya. Kusasisha BIOS nako huweza kurudisha mipangilio ya kiwandani.

kiini_nne
Sasa wale wa Enabled lakini emuleta bado inagoma au inajikokota. Emuleta nyingi zimejengwa juu ya VirtualBox, na Hyper-V (mfumo wa Windows wenyewe unaotumia VT) ikishaishika VT, hizo hubaki na makombo. Angalia sehemu mbili: "Turn Windows features on or off" (ondoa tiki ya Hyper-V), na Memory integrity iliyo ndani ya Windows Security, Core isolation. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, na kwenye Windows 11 mara nyingi huwa imewashwa tayari.

Ikibidi kuizima Hyper-V kabisa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kisha washa upya mashine. Kurudisha, weka auto badala ya off. Ujue WSL2 (Linux ndani ya Windows) na Docker, zana za waandika programu, vitagoma, na kuzima Memory integrity kunapunguza ulinzi. Kwa mashine ya kazi mimi nisingeshauri. Tafuta emuleta inayokubaliana na Hyper-V, BlueStacks 5 inayo. Google Play Games ya kompyuta yenyewe inaihitaji Hyper-V, usiipe amri hiyo.

Mpole_wa_FPS
VT ikishawaka, msiipe emuleta RAM yote. Mashine ya GB 8: GB 4 na viini (core) vya prosesa 2 hadi 4 vinatosha. Ya GB 4, ipe GB 2 na ufunge kivinjari. Kama mashine haina kadi ya grafiki ya pekee, picha inatoka kwenye prosesa, RAM mbili za GB 4 ni bora kuliko moja ya GB 8, kwa sababu grafiki nazo zinakula humohumo.

Chuma_Mchakavu
Na wa PUBG Mobile, tumieni GameLoop, ndiyo ya Tencent wenyewe. Mtapangiwa na wachezaji wenzenu wa emuleta, siyo wa simu. Ukitumia mbinu ya kuficha emuleta, akaunti inafungiwa.