Uvimbe bado upo kwenye picha, lakini daktari anataka kupunguza dawa

Muulizaji

Habari zenu. Mdogo wangu anatibiwa limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi za limfu) ya hatua ya tatu kwa ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za saratani. Baada ya mizunguko miwili amepigwa picha ya PET-CT, na ripoti inasema uvimbe wa kifuani umepungua ila haujaisha, kisha imeandikwa "Deauville 2". Daktari amefurahi, tena anataka kuiondoa bleomisini, mojawapo ya dawa hizo nne. Inawezekanaje dawa ipunguzwe ilhali uvimbe ungalipo?

Mchangiaji wa kwanza (radiolojia)

Pole kwa kuuguza, ndugu. Hizo ni picha mbili kwa pamoja: CT huonyesha umbo na ukubwa, ilhali PET huonyesha ulaji wa sukari, kwa kuwa mgonjwa hudungwa kwanza glukosi yenye florini-18, ambayo seli za saratani huifyonza kuliko tishu nyingi za kawaida. Katika limfoma ya Hodgkin sehemu kubwa ya uvimbe tangu mwanzo si seli za saratani, bali ni seli za kinga na nyuzinyuzi zilizozizunguka, kwa hiyo saratani ikifa kovu linaweza kubaki muda mrefu. Alama ya Deauville ya 2 kati ya 5 maana yake ni kwamba uvimbe haung'ai kuliko damu ya kifuani. Wasiwasi huanza kwenye 4, unapong'aa kuliko ini.

Bleomisini hudhuru mapafu. Utafiti wa RATHL, uliochapishwa mwaka 2016, uliwagawa wagonjwa wenye picha nzuri baada ya mizunguko miwili: kwa walioendelea na ABVD, asilimia 85.7 walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea baada ya miaka mitatu, na kwa walioondolewa bleomisini ni asilimia 84.4, huku mapafu yao yakipata madhara machache zaidi.

Mchangiaji wa pili

Nakubali, ila takwimu hizo hizo zinaonyesha kwamba takriban watu 15 kati ya 100 hawakufika huko salama licha ya picha nzuri, kwa hiyo ufuatiliaji usilegezwe. Wala msomaji mwenye saratani nyingine asijipimie kwa alama hii, kwani vivimbe vingi vya saratani za viungo, kama matiti au mapafu, bado hupimwa kwa kipenyo.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Je, kisukari alicho nacho kinaweza kuiharibu picha?

Mchangiaji wa kwanza (radiolojia)

Kinaweza. Sukari nyingi ya damu hushindana na ile iliyodungwa, na insulini iliyochomwa karibu na muda wa kipimo huipeleka kwenye misuli, hivyo uvimbe unaweza kuonekana umefifia kuliko ulivyo. Vituo vingi huahirisha kipimo sukari ikizidi milimoli 11 kwa lita. Kiwango cha siku ile kwa kawaida huandikwa kwenye ripoti. Kama hakipo, kiulizieni kabla bleomisini haijaondolewa.