Opera ya Kifaransa: bwana harusi anaimba sauti ya kwanza??

mwanakwaya_kirumba
Wakuu habari za jioni. Mwalimu wetu wa kwaya kanitumia rekodi ya opera fupi ya kuchekesha, Une éducation manquée ya Emmanuel Chabrier, kama dakika 40 hivi imeisha. Kifaransa sijui hata salamu ila nimeisikiliza mara tatu, jana kwenye daladala mpaka nimepitiliza kituo Buzuruga. Sasa mbona nasikia wanawake wawili na besi mmoja tu, bwana harusi ni nani? Na ile ngurumo kuelekea mwisho?

besi_nyegezi
Bwana harusi ni mmoja wa hao wanawake mkuu. Gontran ni kijana mbichi ndo maana kapewa soprano, yaani ile sauti ya kwanza ya kike, kwenye opera ni kawaida. Besi ni mwalimu wake, Pausanias. Gontran na Hélène wamefunga ndoa leo leo, usiku umeingia na hakuna anayejua kinachofuata, mwalimu kamfundisha dogo kila kitu isipokuwa hicho. Tafuta pale wanapoimba Gontran na mwalimu, wanataja masomo mbio mbio, Kiebrania, aljebra, kemia, Kigiriki, trigonometria, yaani besi anamwaga maneno kama mahindi kwenye debe na hakuna hata silabi moja inayopotea. Ile ni pumzi jamani, sio mchezo.

mama_tanga_mwz
Hao walikosa kungwi tu. Mimi wa Tanga nimeolewa huku, mbona nilifundwa wiki nzima! Shangazi wa Hélène naye hana msaada wowote. Ngurumo ni radi mwanangu, binti anaogopa anamrukia mumewe mikononi, basi hapo hapo wanaelewa wenyewe. Mnaijua radi ya ziwa saa tisa usiku, bati linatetemeka, nani hamshiki mwenzie?

kinanda_igoma
Mara ya kwanza ilichezwa Paris 1 Mei 1879 kwa piano tu, Chabrier akiwa bado mwajiriwa wa wizara ya mambo ya ndani, aliacha kazi 1880. Kwa hiyo waimbaji watatu na kinanda mnaiweza kabisa. We yako kati ya nyimbo wanaongea au wanaimba mwanzo mwisho? Maana 1924 mtunzi mwingine Mfaransa, Darius Milhaud, aliyageuza mazungumzo yakawa ya kuimbwa, kwa ajili ya Diaghilev, yule Mrusi mwenye kundi la ballet.

mwanakwaya_kirumba
Yangu wanaongea. Asanteni sana, mama shikamoo. Nimerudia pale kwenye masomo, aljebra nimeisikia kabisaa!! Jumamosi mazoezini naenda nayo, besi wetu lazima aisikie.