Transfoma ya duara ya amplifaya: nataka itoe volti 15 nichajie betri, nisuke vipi?

Mwalo wa Kibirizi:
Wakuu, habari zenu. Nipo Kigoma. Ndugu zangu wanavua dagaa usiku kwa taa za LED za betri za volti 12, nataka kuwatengenezea chaja. Nina transfoma ya duara ya amplifaya iliyokufa: VA 300 (uwezo wake, yaani volti mara ampia), inaingia volti 230, inatoa 35-0-35. Nawaza kutoa sekondari yote (koili ya upande wa kutolea umeme) nisuke upya, ila waya wa unene ninaoutaka sijaupata. Naomba mwongozo, usalama kwanza, kwa sababu nafanyia nyumbani na watoto wapo.

Fundi Gungu:
Mkuu, waya wa nini? Hapo punguza tu mizunguko. 35-0-35 ni koili mbili zilizoungwa katikati. Kabla hujachana tepu, zungusha juu yake waya wenye plastiki mara 10 ukiupitisha kwenye tundu la katikati, washa, pima volti za AC (umeme wa kupishana) kwenye ncha zake. Tuseme umesoma 3.2: kila mzunguko una volti 0.32, basi kushuka kutoka 35 hadi 15 unafumua kama 62 kwa kila koili. Chomoa plagi kabisa ndipo ufumue. Koili zibaki na mizunguko sawasawa, maana utaziunga sambamba. Moja ikizidi zitasukumiana umeme na kuchemka hata bila mzigo.

Kuziunga: shikanisha ncha moja ya kila koili, pima mbili zilizobaki. Ukisoma sifuri, hizo nazo ziunge. Ukisoma 30, umegeuza. Ukiunga hivyo umepiga shoti.

Koili za Tabora:
Naongezea la uhai. Chini ya sekondari kuna tepu ya plastiki, na chini yake praimari, koili inayoingiza 230. Hiyo tepu ndiyo inayomtenga mvuvi na umeme wa ukutani. Ikichanika hata kidogo, usiwape watu hiyo chaja. Kisu weka mbali, fumua kwa vidole.

Kuwasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya wati 100 iliyoungwa mfululizo na praimari. Ikimulika kidogo ikazima, sawa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kuna shoti.

Na bolti ya katikati: ncha zake mbili zisiguse boksi la chuma kwa pamoja. Zikigusa, bolti na boksi vinakuwa mzunguko mmoja wa shoti, transfoma inaungua.

Mwalo wa Kibirizi:
Asanteni sana wakuu. Balbu ninazo hizi za kubana matumizi, zitafaa? Na ampia 10 nitapata?

Koili za Tabora:
Hazifai, tafuta ile ya zamani yenye uzi ndani.

Fundi Gungu:
Ampia 10 hapana. 300 gawanya kwa 70 (35 mbili) ni kama 4.3 kwa kila koili, na waya haunenepi kwa kufumuliwa. Mbili sambamba ni 8 na ushee za AC, lakini baada ya dayodi, zinazogeuza AC kuwa DC ya kuchajia betri, usivute zaidi ya 5. Upande wa 230 weka fyuzi ya ampia 2, aina inayochelewa kukatika, kwa sababu transfoma za duara huvuta sana zinapowashwa. Na lazima uweke sakiti ya kukata chaji betri ikifika volti 14.4, wavuvi huchaji mchana wakiwa wamelala. Ukishapima ile mizunguko 10, lete namba hapa tupige hesabu kabla hujafumua.