Gini pigi ndani ya nyumba Lamu, joto hili na paka hawa, naombeni ushauri

MwanaLangoni:
Asalam aleikum jamani, naombeni mnisaidie kabla mamangu hajanitoa mimi na mnyama wangu. Jirani zetu wamehamia Nairobi, binti yao alikuwa na gini pigi, basi nikaachiwa mimi pamoja na keji yake na gunia la pelleti za sungura (chakula cha vidonge vidonge). Ni jike (ndivyo nilivyoambiwa), rangi ya kahawia, twamwita Kashata. Nyumba yetu ni ya zamani hapa Langoni, ina kiwanda (ua wa ndani) katikati, na paka wa Lamu mnawajua hawabishi hodi, washuka kutoka darini saa wanayotaka wanakaa mbele ya keji kama wanaangalia mpira. Kashata akiwaona anaganda pale pale hata sikio halitikisiki. Nikampandisha yuu (ghorofani), chumba cha mabati, huko mlango wafungika paka hawaingii, lakini mchana joto lake si mchezo na kaskazi yenyewe siku hizi imelala. Jana adhuhuri nimemkuta kajinyoosha ubavu anahema mbio mbio. Tena anakula kwa kuchagua, mguu wa nyuma naona anachechemea, na nikimbeba analia. Bi mkubwa naye asema panya ni panya hata umpe jina la tamu, na mikojo yake itaingia kwenye miswala. Sasa akae wapi, ale nini, na huku kuchechemea ni nini? Msiniambie nimtupe tafadhali, hilo nimeshaambiwa na ukoo mzima.

KijanaWaMuyeye:
Usimtupe dadangu, mlete Malindi sisi tuna mkaa na ndimu 😂😂 Peru huyo ni kitoweo tangu kabla ya Wazungu kufika, wallahi sitanii.

MwanaLangoni:
Ushindwe na ulegee 😂

SimbilisiMbeya:
Dada pole. Huku kwetu Nyanda za Juu simbilisi (ndo hao gini pigi) tumewakuta kwa bibi zetu, wanaachiwa jikoni chini wanazunguka tu, ukiwatupia maganda mabichi ya mahindi wote wanapiga kelele wiik wiik wiik. Mimi nikisoma kisa chako naona mambo mawili. La kwanza huyo yuko peke yake, simbilisi hakai peke yake, ndo maana kitu kidogo anaganda. La pili sijaona umetaja majani popote. Pelleti si chakula chake, chakula chake ni majani, asubuhi majani usiku majani, meno yake yanaota maisha yake yote na asipotafuna nyasi yanarefuka mpaka anashindwa kula kabisa. Mambo ya joto siwezi kukudanganya, Mbeya ni baridi, waulize wenzako wa pwani.

DaktariWaPunda:
Wa aleikum salaam. Kazi yangu ni wanyama, punda zaidi kwa sababu ndio mji wetu huu, lakini hawa wadogo pia nimewaona. Dadangu anza na mguu, mengine yatangoja.

Gini pigi ni kama binadamu kwa jambo moja, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, lazima aile kila siku. Sungura anajitengenezea, kwa hiyo pelleti za sungura hazikuwekewa hiyo vitamini, na hata zile za gini pigi wenyewe gunia likikaa miezi kwenye joto na unyevu wa huku inapotea. Akiikosa wiki kadhaa viungo vinavimba na kuuma, anachechemea, akishikwa analia, manyoya yanakuwa makavu, fizi zinaanza kutoa damu na hamu ya chakula inakwisha. Maelezo yako yanafanana sana na hayo. Sisemi ndiyo hayo tu, anaweza kuwa ameanguka pia, ila dawa ya kwanza unaipata sokoni leo leo: pilipili hoho mbichi, kipande cha kiganja chako kila siku, nyekundu ni bora kuliko kijani. Mapera pia yana vitamini C nyingi sana lakini ni tamu, mpe kipande kidogo mara mbili kwa wiki basi. Mzima anahitaji kama miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, huyu mgonjwa azidishiwe, kwa hiyo chukua na vidonge vya watoto vya vitamini C pale kemisti, vile vya C tupu visivyo na vitamini nyingine, uvunje kipande cha kama miligramu 50 umpe mdomoni mpaka apone. Usimtilie kwenye maji, yanabadilika ladha anaacha kunywa, na joto hili anahitaji maji.

Nyasi ni kama alivyosema huyo ndugu wa Mbeya. Ukoka unafaa, ila tafadhali usikate njiani wanapopita punda, na popote utakapokata uzioshe na uzikung'ute. Ukipata boma rhodes kavu (nyasi za mifugo) kwenye agroveti za Mokowe nunua beli moja, itakaa muda mrefu. Asipewe viazi vibichi, majani ya nyanya, kitunguu, parachichi. Kabichi kidogo tu maana inamjaza gesi na yeye hawezi kutapika wala kucheua. Na siku akikaa kutwa nzima bila kula chochote usingoje kesho, tumbo lake likisimama linamuua haraka.

FundiKandahari:
mi naona ana infeksheni tu mpe amoksilini ya maji ile ya watoto nusu kijiko, sungura wangu walipona. halafu kama tatizo ni upweke nna sungura dume hapa mdogo nakupa bure wakae pamoja

DaktariWaPunda:
@FundiKandahari kakangu, hapana kwa yote mawili, na mwenye uzi usiifuate hiyo. Amoksilini na jamii yote ya penisilini inaua bakteria wazuri wa tumboni mwa gini pigi, wabaya wanabaki wanatoa sumu na mnyama anakufa siku chache baadaye mwenyewe ukidhani ni ule ugonjwa wa mwanzo. Sungura naye anaweza kubeba vijidudu kifuani bila kuumwa halafu gini pigi akavipata vikawa nimonia, na teke la sungura mmoja latosha kumvunja mgongo. Kila mtu na wa kwao.

FundiKandahari:
sawa daktari nimekoma 🙏

MamaTwalib:
Mwanangu mimi niko Malindi, wangu wawili majike nawafuga mwaka wa ngapi huu sijui, kwa hiyo la joto niulize mimi. Huko yuu mshushe leo. Hawa asili yao ni milima ya Andes kule Peru na Bolivia, baridi, manyoya yamewajaa na jasho hawatoi, ikishapita nyuzi 27 au 28 ndani ya chumba wanaanza kuteseka. Ukimkuta tena amejinyoosha anahema, mloweshe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umweke sakafuni penye hewa.

Na nyumba zenu za Lamu Mungu awape nini tena, ukuta wa mawe ya matumbawe unene wa dhiraa, sakafu ya chini hata mchana wa Februari mguu wapoa. Mweke ndani tini (chini), mbali na kiwanda, pembeni pasipopigwa na jua. Mimi nagandisha chupa za maji nazifunga kitambaa nawawekea waegemee, wenyewe wanajua, na stima ikipotea chupa ndiyo feni yao. Usielekeze feni usoni kwake.

Paka: keji ya waya peke yake haitoshi, paka anatia mkono. Mtafute fundi akutengenezee sanduku la mbao refu, futi nne kwa mbili, kifuniko cha wavu wa chuma wenye matundu madogo na komeo. Chini pasiwe waya, nyayo zao zinatoka vidonda. Ndani weka vijumba viwili, hata boksi la katoni lenye milango miwili, akiwa na pa kujificha ataacha kuganda. Na usije ukamtoa barazani ale ukoka ukamuacha dakika mbili, ikiwa si paka basi kunguru.

Harufu ni uvivu tu, samahani mwanangu 😄 Mimi natandika blanketi kuukuu lililokatwa, chini yake magazeti, kila asubuhi nazoa, kila siku tatu nabadilisha naanika juani. Watu wa Lamu mna maranda mengi kwa mafundi wa milango lakini usichukue ovyo, mvule unawasha pua, na vumbi laini ni balaa kwa kifua chake. Suala la miswala ongea na mamako kwa upole, mwambie mnyama hatoki kwenye sanduku isipokuwa sehemu ambayo haiswaliwi, utaona atalegea.

MwanaLangoni:
Mamangu Twalib na daktari Mungu awalipe. Nimemshusha jana, nimempa hoho akaila yote na akanipigia kelele anataka nyingine!! Mguu bado. Nimempima kwa mizani ya duka gramu 780, sijui ni kidogo? Bi mkubwa hajasema kitu ila nimemkuta akimrushia ganda la tango. Na fundi nimemuona asema sanduku Alhamisi. Sasa la mwenziwe nifanyeje, Lamu hii nimeuliza kila mtu hakuna.

DaktariWaPunda:
Si kidogo sana kwa jike, wengi wako kati ya gramu 700 na 900, cha kuangalia ni kama inashuka. Mpime kila wiki kwa mizani ile ile. Mguu utachukua wiki moja au mbili.

MamaTwalib:
Kuna mtu hapa mtaa wa Barani gini pigi wake wamezaa, nitakuchagulia kike. Lakini nitamgeuza nimwangalie mwenyewe, wauzaji wengi hawajui, na wako pia hakikisha ni jike kweli. Ukimtilia dume halafu Kashata hajawahi kuzaa na ameshapita miezi minane, nyonga imekaza, anaweza kufa na watoto tumboni. Hata huyo mdogo, akifikisha umri wa wiki nne tu anaweza kushika mimba.

MwanaLangoni:
Inshallah. Atafikaje sasa, basi la Mokowe halafu boti?

MamaTwalib:
Nitampa mpwa wangu, anakuja huko mwisho wa mwezi. Basi la alfajiri, si la mchana. Boksi lenye matundu chini ya kiti asiwekwe kwenye buti, ndani nyasi na vipande vya tango maana chupa ya maji itamwagika Garsen hata hamjafika Witu.

DaktariWaPunda:
Na akifika asiingie sanduku la Kashata siku hiyo. Chumba kingine wiki mbili, uangalie kama ana chawa, kikohozi au anajikuna sana. Halafu wakutane mahali papya kwa wote wawili, sakafuni, na rundo la ukoka katikati. Watapandana na kutetemesha matako, huko ni kupangana nani mkubwa, waache. Wakianza kugonganisha meno kwa sauti hapo watenganishe kwa taulo, usitie mkono mtupu.

KijanaWaMuyeye:
Kwa hiyo mkaa niuzime? 😂